Kisa cha Gent: hewa ya tanuru la chuma inapogeuzwa kuwa ethanoli

Mwanafunzi mmoja ninayemsaidia kuandaa andiko lake la uzamivu aliniletea kurasa nane kuhusu kunasa hewa ukaa ya viwanda vya saruji na kuigeuza kuwa mafuta. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba jambo hilo "tayari linafanyika Ubelgiji", akitaja kiwanda cha chuma cha Gent. Nilimwomba aliweke andiko pembeni, tukae na Gent peke yake mpaka tuielewe. Nayaandika tuliyoyapata kwa sababu kosa lililokuwa kwenye ukurasa ule nimelikuta kwenye maandiko mengi mazuri: mtambo wa Gent haugeuzi hewa ukaa kuwa ethanoli, yaani pombe inayoweza kuchomwa kama mafuta. Unageuza kaboni monoksidi.

Tofauti ya gesi hizo mbili ni atomu moja ya oksijeni, na tofauti hiyo ndiyo kisa chote.

Kila mtu wa kwetu anaijua kaboni monoksidi, hata kama hajui jina lake. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha huungua nusu, na gesi inayotoka bado ina moto ndani yake: ukiiwasha, inawaka kwa ulimi wa buluu. Hewa ukaa haiwaki. Imeshaungua mpaka mwisho, kama majivu. Anayesema anageuza kaboni monoksidi kuwa mafuta anatumia mkaa ulioungua nusu. Anayesema anageuza hewa ukaa kuwa mafuta anataka kuyarudisha majivu yawe mkaa, na lazima aseme moto wa kufanyia hivyo anautoa wapi.

Sasa twende mahali penyewe. Kiwanda kiko kaskazini mwa mji wa Gent, kando ya mfereji unaokwenda Terneuzen, Uholanzi. Kilianzishwa mwaka 1962 kwa jina la Sidmar, na leo ni mali ya ArcelorMittal. Kina matanuru mawili makubwa, A na B, na uwezo wake ni takriban tani milioni 5 za chuma cha pua kwa mwaka. Juu ya tanuru hutiwa mawe ya chuma na koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa. Chini hupulizwa hewa ya moto mkali. Koki huungua, gesi ya kaboni monoksidi hupanda, na ikipanda inayanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake mpaka kibaki chuma kioevu. Wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walifanya kemia hiyo hiyo tangu takriban miaka 2000 iliyopita, kwa tanuru za udongo, mkaa wa miti na mivukuto. Nalitaja hili kwa sababu mwanafunzi wangu alidhani matanuru ni mambo ya Ulaya.

Gesi haimalizi kazi yake yote ndani ya tanuru. Inayotoka juu, kwa makadirio ya kawaida ya viwanda hivi, karibu nusu yake ni nitrojeni iliyokuja na hewa, na sehemu kubwa ya kilichobaki wanagawana hewa ukaa na kaboni monoksidi kwa viwango vinavyokaribiana, pamoja na hidrojeni kidogo. Kaboni monoksidi hiyo ni nishati iliyobaki, na kiwanda chochote cha chuma chenye akili hakiitupi. Gent huitumia kupashia hewa inayorudi tanuruni, na nyingine huenda kwenye kituo cha umeme cha Knippegroen kilicho jirani, chenye uwezo wa takriban megawati 300, kilichojengwa mahususi kuchoma gesi ya matanuru. Naomba msomaji akikumbuke kituo hicho, maana tutakirudia.

Hadithi ya bakteria ilianzia humo humo Ubelgiji. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Louvain, kule Louvain-la-Neuve, Abrini, Naveau na Nyns, walichapisha maelezo ya bakteria mpya waliyemtenga kutoka kwenye vinyesi vya sungura. Walimwita Clostridium autoethanogenum. Haishi penye oksijeni, anakula kaboni monoksidi, anatoa ethanoli. Wakati huo ilikuwa ugunduzi wa maabara tu. Mwaka 2005 Sean Simpson na Richard Forster walianzisha kampuni ya LanzaTech nchini New Zealand, wakamchukua bakteria huyo wakamlea kizazi baada ya kizazi mpaka akastahimili gesi chafu ya viwandani. Majaribio yao ya kwanza yalikuwa kwenye kiwanda cha chuma cha Glenbrook, huko huko New Zealand. Mtambo wa kwanza wa kibiashara ulifunguliwa China mwaka 2018, Caofeidian. Wa Gent, unaoitwa Steelanol, ulitangazwa mwaka 2015, ukazinduliwa Desemba 2022, na ethanoli ya kwanza ikatoka 2023. Gharama ilifika takriban euro milioni 200, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya makadirio yaliyotangazwa mwanzoni.

Toka vinyesi vya sungura mpaka ethanoli ya Gent ni miaka 29. Hili nilimwambia mwanafunzi alitazame vizuri, kwa sababu andiko lake liliahidi mtambo wa mfano katika mwaka wa tatu.

Miaka hiyo ilikwenda wapi? Mingi ilikwenda kwenye mambo yasiyopendeza kuyasimulia. Gesi ya tanuru ina vumbi, lami, salfa, mabaki ya oksijeni na hidrojeni sianidi, na bakteria huyu oksijeni humuua, sianidi humlemaza. Hivyo kabla ya uchachushaji kuna mlolongo mrefu wa kusafisha. Kisha kuna tatizo la maji: bakteria anaishi majini, na kaboni monoksidi haipendi kuyeyuka majini. Lazima uivunje iwe mapovu madogo sana, uyazungushe ndani ya minara mirefu (Gent ipo minne), na nishati unayoitumia kusukuma isizidi faida unayoipata. Tasnifu nyingi za uzamivu katika fani hii ni za mapovu: ukubwa wake, muda yanaokaa majini, gesi kiasi gani inavuka kutoka povu kwenda majini kwa sekunde. Mtu aliyetumia miaka minne kupima mapovu hapati kichwa cha habari gazetini, lakini bila yeye minara ile isingesimama. Mwishoni ethanoli hukenekwa kutoka kwenye maji kama inavyokenekwa pombe kali yoyote.

Tukafika kwenye hesabu, na hapa ndipo tulipokaa siku nyingi.

Mtambo umepangiwa lita milioni 80 za ethanoli kwa mwaka, takriban tani 64,000. Wenyewe wanasema utapunguza hewa ukaa kwa tani 125,000 kila mwaka. Chuma cha tanuru, kwa kanuni ya kawaida, hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani moja ya chuma cha pua. Kiwanda cha tani milioni 5 kwa hiyo ni chanzo cha takriban tani milioni 10. Tani 125,000 ndani ya milioni 10 ni asilimia 1 na kidogo. Mwanafunzi aliingia na imani kwamba Gent "imetatua" tatizo la chuma. Hesabu hii ya mstari mmoja ilimnyamazisha. Mimi sikumtaka anyamaze. Asilimia 1 kutoka kwenye mtambo mmoja wa kwanza barani Ulaya si haba. Nilitaka ajue ukubwa wa kitu kabla ya kukisifu au kukidharau.

Jambo la pili liko ndani ya kemia. Bakteria akila kaboni monoksidi peke yake bila hidrojeni, hesabu ni hii: molekuli sita za kaboni monoksidi na tatu za maji hutoa molekuli moja ya ethanoli na nne za hewa ukaa. Atomu sita za kaboni zimeingia, mbili zimekuwa ethanoli, nne zimetoka kama hewa ukaa pale pale mnarani. Hidrojeni ikiwepo nyingi uwiano unakuwa bora zaidi, lakini gesi ya tanuru ina hidrojeni kidogo. Na zile mbili zilizoingia kwenye ethanoli? Ethanoli ikichanganywa na petroli ikachomwa garini, nazo zinakwenda angani. Tulipiga hesabu: tani 64,000 za ethanoli zikiungua zote hutoa takriban tani 122,000 za hewa ukaa.

"Sasa mwalimu, kilichopunguzwa ni nini?" aliniuliza. Ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kilichopunguzwa ni petroli ambayo haikuchimbwa wala haikuchomwa. Nishati iliyomo kwenye ethanoli ile, ikichukua nafasi ya petroli yenye nishati sawa, inaepusha takriban tani 125,000 za hewa ukaa ya moshi wa magari. Kaboni haijazikwa popote. Imefanya kazi mara mbili kabla ya kwenda angani: mara ya kwanza kutengeneza chuma, mara ya pili kuendesha gari. Huko ni kutumia upya kwa maana yake halisi, na ni tofauti kabisa na kunasa na kuhifadhi ardhini. Andiko la utafiti linalochanganya mambo haya mawili halina msingi, hata kama majaribio yake ni mazuri. (Ethanoli ikigeuzwa ethilini na kuwa plastiki, kaboni hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi angani. LanzaTech wamefanya hivyo pia, pamoja na TotalEnergies na L'Oréal, kwa chupa za vipodozi, mwaka 2020.)

Lakini tulikuwa tumemsahau Knippegroen. Gesi inayokwenda kwa bakteria ni gesi ambayo ingeweza kuchomwa ikatoa umeme. Tukachukua kituo kinachogeuza asilimia 40 ya joto kuwa umeme, tukauliza: kaboni monoksidi inayotengeneza kilo moja ya ethanoli ingetoa umeme kiasi gani? Jibu ni takriban uniti 4, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU au tokeni. Kwa tani 64,000 ni zaidi ya uniti milioni 260 kwa mwaka. Umeme huo sasa utatoka wapi? Ukitoka kwenye kituo cha gesi asilia kinachotoa takriban kilo 0.4 za hewa ukaa kwa uniti, umeongeza tani 105,000 ili kuepusha tani 125,000. Faida karibu yote imeliwa. Ukitoka kwenye mitambo ya upepo ya Bahari ya Kaskazini au kwenye nyuklia, faida inabaki karibu nzima. Na kama gesi ile ingewashwa bure juu ya bomba kwa kukosa mtumiaji, basi hakuna kilichopotea hata kidogo.

Hesabu hii ni ya mkono, na kiwanda chenyewe kina vipimo vyake. Hata hivyo inaonyesha kwamba mtambo ule ule, bakteria yule yule, unaweza kuwa wa maana sana au wa maana kidogo kwa kutegemea kitu kilicho nje ya uzio wake. Umoja wa Ulaya uliliona hili. Kanuni zake za mwaka 2023 kuhusu mafuta ya kaboni iliyotumika tena zinadai upungufu wa gesi joto wa angalau asilimia 70 ukilinganishwa na mafuta ya kawaida, na zinalazimisha kuhesabu kazi ambayo gesi ilikuwa ikiifanya kabla haijaelekezwa kwingine. Nawapongeza walioandika kifungu hicho. Ni kifungu kigumu kukisoma, lakini kimekataa kudanganywa.

Mpaka hapa hatujagusa hewa ukaa yenyewe. Nayo Gent wameanza kuigusa, kwa kiwango cha chini sana. Mwaka 2024 Mitsubishi Heavy Industries walifunga hapo mtambo mdogo wa majaribio unaonasa takriban kilo 300 za hewa ukaa kwa siku kutoka kwenye gesi ya tanuru. Njia ni ya amini: kimiminika kinachoishika hewa ukaa kikiwa na joto la chini, kiasi cha nyuzi 40, kisha kinaiachia kikipashwa mpaka nyuzi 120 hivi. Ugumu wake ni joto hilo la kuiachia, ambalo kwa amini za kawaida hufika gigajuli 3 mpaka 4 kwa kila tani ya hewa ukaa, pamoja na uchafu wa gesi unaoiharibu amini taratibu.

Hewa ukaa hiyo safi, mwaka huo huo, ilianza kujaribiwa na D-CRBN, kampuni ya Antwerp iliyochipuka kutoka kwenye utafiti wa plazima wa Chuo Kikuu cha Antwerp. Hapa mwanafunzi wangu aliamka, kwa sababu alikuwa amesoma tasnifu za kundi hilo. Plazima ni gesi iliyopigwa umeme mpaka molekuli zake zinaanza kuvunjika, kama radi ndogo ndani ya bomba. Hewa ukaa ikipita humo, atomu moja ya oksijeni inabanduka na inabaki kaboni monoksidi. Majivu yamerudi kuwa mkaa ulioungua nusu. Kaboni monoksidi hiyo inaweza kurudi tanuruni ikapunguza koki, au kwenda kwa bakteria wa Steelanol. Kikwazo kikubwa ni kwamba oksijeni iliyobanduka hutaka kurudi ilikotoka, gesi inapopoa tu. Watafiti wa Antwerp walijaribu kupitisha gesi ya moto juu ya kitanda cha mkaa mara tu baada ya plazima, ili oksijeni imezwe na mkaa na itoke kaboni monoksidi zaidi. Ni wazo zuri ajabu, na mhunzi wa Buhaya angelielewa bila kuchorewa.

Gharama ya nishati ya kubandua oksijeni haina mjadala. Imeandikwa kwenye majedwali ya kemia. Ni kilojuli 283 kwa moli, sawa na takriban uniti 1,800 kwa kila tani ya hewa ukaa, hata kama mtambo hautapoteza chochote. Ukipoteza nusu, ambalo ni jambo la kawaida, ni uniti 3,600. Umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban kilo 0.9 za hewa ukaa kwa uniti. Zidisha: hata mtambo mkamilifu usio na upotevu ungetoa tani 1.6 kituoni ili kuvunja tani 1. Kwa mtambo wa nusu kwa nusu, kazi hii ina maana pale tu ambapo umeme unatoa chini ya kilo 0.28 kwa uniti. Nilimwambia mwanafunzi aibandike namba hiyo ukutani.

Kuna jambo jingine Gent linalonisumbua zaidi ya hesabu. Mwaka 2021 ArcelorMittal walitangaza mpango wa euro bilioni 1.1 wa kujenga hapo mtambo wa kupunguza mawe ya chuma bila koki, kwa gesi asilia na baadaye hidrojeni, pamoja na matanuru ya umeme. Mwishoni mwa 2024 wakaahirisha maamuzi ya mwisho ya miradi yao ya aina hiyo Ulaya. Mpango huo ungeondoa sehemu kubwa ya kaboni monoksidi inayolisha minara minne ya Steelanol. Mtambo wa ethanoli umefungwa kamba moja na tanuru linalotakiwa kuondoka, na anayeufanyia utafiti leo anapaswa kuandika wazi ni miaka mingapi anategemea tanuru liendelee kuwaka.

Tukarudi kwenye saruji, kwa Wazo Hill na Tanga na Bamburi, alikoanzia. Hewa ukaa ya saruji kwa sehemu kubwa haitoki kwenye mafuta. Inatoka kwenye jiwe lenyewe. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa inatoa kilo 440 za hewa ukaa na kubaki kilo 560. Ndani ya bomba la moshi la kiwanda cha saruji hamna kaboni monoksidi ya kumlisha bakteria wa Gent. Kuna majivu matupu. Njia ya ethanoli ingehitaji hidrojeni, na tulipopima kwa uzalishaji ule ule wa tani 64,000 tulipata takriban tani 16,700 za hidrojeni kwa mwaka, ambazo kwa uniti 50 kwa kilo ni uniti zaidi ya milioni 830. Ni sawa na kituo cha megawati 100 kinachofanya kazi hiyo tu, mchana na usiku. Kenya ina jotoardhi la Olkaria na gridi ambayo karibu asilimia 90 ni ya nishati jadidifu. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Umeme safi upo. Lakini uniti hizo hizo zinasubiriwa na majiko yanayochoma mkaa wa misitu, na sioni sababu ya kulipita jiko kwenda kutengeneza ethanoli.

Upande mwingine wa kemia ni mteremko. Hewa ukaa ikikutana na kalsiamu iliyo huru hurudi kuwa jiwe yenyewe, na njiani inatoa joto badala ya kulidai. Ubelgiji, kampuni ya Orbix na taasisi ya utafiti ya VITO wametumia hilo kutengeneza matofali kutoka kwenye takataka za mawe zinazobaki chuma kinapoyeyushwa, zilizosagwa, yakifanywa magumu kwa hewa ukaa bila saruji. Humo kaboni inakaa kwa muda wote ambao jiwe litakaa.

Andiko jipya la mwanafunzi lina kurasa tano. Jedwali la kwanza ni la gesi ya bomba la kiwanda anachotaka kukifanyia kazi: nini kimo, kwa asilimia ngapi, na kabla ya utafiti gesi hiyo ilikuwa ikienda wapi. Jedwali la pili ni la vifaa vyenye kalsiamu vinavyopatikana chini ya kilomita 100 kutoka kiwandani, pamoja na mabomoko ya zege. Safu ya hewa ukaa kwa uniti ya umeme ameiacha wazi, mpaka atakapoipata kutoka kwa wenye gridi.